Mjane kapata 0, kijana kapata 31: dodoso langu la msongo limeharibika, au ni mimi?

DaftariBluu

Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi, na kwa kuwa tasnifu yangu yenyewe inahusu watu wenye mawazo, chekeni kidogo kwanza halafu mnisaidie.

Mwaka 2021, korona ikiwa imepamba moto, nilikusanya majibu ya watu wazima 186 kwa PSS-10, lile dodoso la maswali kumi linalopima msongo jinsi mtu mwenyewe anavyouhisi. Kuonana uso kwa uso ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo niliwapigia simu mmoja mmoja. Nasoma swali, nasikiliza, naandika namba kwenye daftari la bluu. Majibu ni matano: 0 kamwe, 1 mara chache sana, 2 wakati mwingine, 3 mara nyingi, 4 mara nyingi sana. Unajumlisha, unapata kitu kati ya 0 na 40. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Baadaye maisha yakaingilia kati, daftari likalala kabatini. Sasa nimelitoa, nimeingiza kila kitu kwenye Excel, na nimekwama mahali pawili.

Kwanza ni namba 47. Huyu ni mama ambaye mumewe alifariki kwa korona wiki tano kabla sijampigia. Aliniambia mwenyewe kabla hata sijaanza. Jumla yake ni 0. Sifuri kabisa! Kisha kuna namba 112, kijana wa miaka 24, hakufiwa, hakuugua, alikuwa anafanyia kazi nyumbani na mshahara unaingia kama kawaida. Jumla yake 31. Yaani aliyempoteza mume hana msongo hata chembe, na aliyekaa nyumbani na mshahara wake ndiye anayezama?

Pili, alfa ya Cronbach, ile namba inayoonyesha kama maswali ya dodoso yanakwenda pamoja (ikikaribia 1 ndiyo nzuri), imetoka 0.41. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hiki si kipimo, ni bahati nasibu."

Nilikuwa nimepanga kuandika asilimia ya watu wenye "msongo mkali" kwa ule mgawanyo ninaoukuta kila mahali, 0–13 mdogo, 14–26 wa kati, 27–40 mkali. Niendelee, au nilitupe daftari? Na nikilitupa, hao watu 186 walionipa muda wao wakati ule nitawaambia nini?

---

MzeeTakwimu

Usitupe kitu. Nijibu moja tu: ulipojumlisha, maswali ya 4, 5, 7 na 8 uliyageuza?

---

DaftariBluu

Shikamoo mzee. Kuyageuza kivipi?

---

MzeeTakwimu

Marahaba. Basi nilidhani hivyo. Weka hapa majibu ya hao wawili, swali la 1 hadi la 10, kwa mpangilio.

---

DaftariBluu

Namba 47: 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0.
Namba 112: 4, 3, 4, 3, 2, 3, 3, 2, 4, 3.

---

MzeeTakwimu

Sawa. Tatizo lako kubwa halihusiani na korona hata kidogo.

Katika yale maswali kumi, sita yanauliza mabaya: kuvurugwa na jambo la ghafla, kushindwa kuyatawala mambo muhimu ya maisha yako, wasiwasi, kuzidiwa na shughuli, kukasirishwa na yaliyo nje ya uwezo wako, kuona matatizo yanarundikana. Manne yanauliza mazuri: kujiamini kwamba matatizo yako utayamudu, kuona mambo yanakunyookea, kuweza kuzuia kero, kuona hali umeishika mkononi. Kwenye hayo manne, anayesema "mara nyingi sana" anakueleza nafuu yake. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha unachukua 4, unatoa jibu lake: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, 2 inabaki palepale. Wewe umetia mzigo na nafuu kwenye kapu moja. Maswali sita yanavuta huku, manne yanavuta kule, halafu unashangaa alfa imeanguka.

Tufanye hesabu. Kijana: maswali mabaya yanampa 4+3+4+3+4+3, yaani 21. Mazuri alijibu 3, 2, 3, 2. Ukigeuza ni 1, 2, 1, 2, yaani 6. Jumla 27, si 31.

Mama: mabaya yote 0. Mazuri yote alisema kamwe, na kamwe ikigeuzwa ni 4. Nne mara nne, 16.

Umeona? Sifuri yako imekuwa 16. Mwanya wa pointi 31 kati yao umebaki 11. Na hiyo 16 nayo usiiamini bado. Mtu yeyote anayesema "kamwe" mara kumi mfululizo anapata 16, awe analia au anapiga miayo. Anayesema "mara nyingi sana" mara kumi anapata 24. Anayesema "wakati mwingine" mwanzo mpaka mwisho anapata 20. Hii ni faida ya kuyachanganya maswali: mtu akijibu bila kusikiliza, jumla inamsukuma katikati. Ila haikuambii kama hakusikiliza, au kweli mwezi ule hakukasirika, hakulemewa, na pia hakuona kitu chochote kinakwenda vizuri. Watu wa hivyo wapo. Ganzi ya msiba inaweza kusikika hivyo hivyo kwenye simu.

Sasa lile la pili, la mfiwa kuwa chini ya kijana. Ukitaka kipimo kitakachomweka mama juu kwa lazima, kipo. Mwaka 1967 Holmes na Rahe walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na uzito wake. Kufiwa na mwenzi kumepewa 100, juu kuliko yote. Kufunga ndoa 50. Kwa orodha ile, kijana wako hana chake. Lakini inachukulia kwamba kufiwa ni kufiwa, kwa kila mtu, kwa namna ileile. Mwanasaikolojia Lazarus na wenzake wakawa wanasema uzito wa jambo uko pia katika jinsi mtu anavyolipima na anavyojiona ana nini mkononi cha kulikabili. PSS ilitoka kwenye fikra hiyo. Cohen, Kamarck na Mermelstein waliichapisha mwaka 1983, ikiwa na maswali 14. Toleo la maswali kumi likaja mwaka 1988. Haiulizi kilichokupata. Inauliza kama mwezi uliopita ulihisi maisha hayatabiriki, hayashikiki, yanakulemea.

Kwa hiyo kijana wa miaka 24 aliyefungiwa chumbani na kompyuta anaweza kumpita mfiwa, na kipimo kikawa kizima kabisa. Wewe uliuliza swali moja, ukatarajia jibu la swali jingine.

---

DaftariBluu

Mzee, nimeona aibu lakini nashukuru. Nimegeuza manne yale kwa wote 186: alfa imepanda mpaka 0.74! Ila sasa nauliza kwa ubishi kidogo: kama ni hisia za mtu tu, tunapima nini hasa? Mtu akiamka vibaya siku hiyo, si anakupa namba nyingine?

---

MzeeTakwimu

Anaweza. Lakini usiidharau hiyo "tu". Cohen huyohuyo na wenzake walichapisha mwaka 1991 jaribio ambalo mimi huwa nalisimulia kila nikisikia neno hilo. Walichukua watu 394 wenye afya nzuri, wakawapima msongo, PSS ikiwa mojawapo ya vipimo, kisha wakawadondoshea virusi vya mafua puani na kuwaweka karantini. Kadiri msongo ulivyokuwa juu, ndivyo uwezekano wa kuambukizwa ulivyopanda. Virusi vilikuwa vya aina tano, na mojawapo ilikuwa korona, ile ya zamani ya mafua ya kawaida inayoitwa 229E. Pua haikujali kwamba zile zilikuwa "hisia tu".

Kuhusu 0–13, 14–26, 27–40: achana nayo. Waliotunga PSS hawakuweka mpaka wowote wa mdogo, wa kati na mkali. Si chombo cha kumwambia mtu una ugonjwa au huna. Mtazame kijana wako, amesimama juu ya mstari wa 27 barabara. Angejibu swali moja tu "mara nyingi" badala ya "mara nyingi sana", angehamia kwa "wa kati", na wewe ungeandika asilimia nyingine. Andika wastani na mkengeuko sanifu, yaani jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, linganisha makundi ndani ya sampuli yako, basi.

Na msomaji akikuuliza "wastani wa watu wa kawaida ni ngapi", usikimbilie ile 13 ya mwaka 1988. Ilitoka kwa Wamarekani 2,387 waliohojiwa miaka ya themanini. Ni kumbukumbu nzuri ya Wamarekani wa miaka ya themanini.

---

LughaKwanza

Samahani kuingilia. Mimi si mtu wa takwimu, natafsiri madodoso ya afya. Kabla hujasherehekea 0.74, tuwekee hapa swali la 2 kama ulivyolisoma kwenye simu. Neno kwa neno.

---

DaftariBluu

"Katika mwezi mmoja uliopita, ni mara ngapi hukuweza kudhibiti mambo muhimu katika maisha yako?"

---

LughaKwanza

Hilo "hukuweza" ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kiswahili hujibu swali la kukanusha kwa kukubaliana na ukanushi. Ukimwuliza mtu "hujalala?" naye hajalala, anakujibu "ndiyo, sijalala". Sasa umempa "hukuweza", halafu unamtaka achague "kamwe". Kamwe nini? Kamwe sikuweza, au haikutokea kamwe nikashindwa? La kwanza ni mtu aliyezama, la pili ni mtu mwenye afya ya akili ya chuma, na wote wawili wewe umewaandikia 0. Kwenye karatasi mtu hurudi akasoma tena. Kwenye simu, sauti inakatikakatika, anashika neno la mwisho.

Hapo dawa ni ndogo: "ulishindwa". Ni mara ngapi ulihisi umeshindwa kuyatawala mambo muhimu ya maisha yako? Ukanushi umefichwa ndani ya kitenzi, na "kamwe" inabaki na maana moja.

Halafu swali la 3. Naamini uliandika "msongo wa mawazo". Neno hilo ni la redioni na la kwenye mabango. Mtu nyumbani kwake hasemi "nina msongo wa mawazo", anasema "nina mawazo". Mawazo, kwa wingi, bila kivumishi, na kila anayesikia anaelewa si mawazo ya falsafa. Nimewahi kumsomea bibi mmoja dodoso la namna hii, akanijibu "huo msongo sina mwanangu, nina mawazo tu". Ningekuwa mvivu ningemwandikia 0. "Wasiwasi" nao una mambo yake: kwa mmoja ni moyo kwenda mbio, kwa mwingine ni shaka tu, kama nimefunga mlango au la.

Kutafsiri na kurudisha tafsiri kwenye lugha ya kwanza, ambako wengi huishia, hakukamati makosa haya. "Hukuweza" ikirudishwa inarudi sahihi kabisa! Kinachoyakamata ni kukaa na watu wachache, kuwasomea swali, na kuwaambia: nielezee kwa maneno yako nimekuuliza nini.

---

NesiZamuYaUsiku

Nimesoma yote. Nami niseme kama mtu aliyejibu dodoso hilo, maana nimeona kila mtu hapa ni muulizaji.

Mwezi Aprili 2020 kiungo cha fomu kilitua kwenye kundi letu la WhatsApp. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi, kwa hiyo hazikuwa zimepita hata wiki sita. Nilijaza saa tisa usiku, zamu imetulia kidogo, barakoa imenichora mistari usoni. "Katika mwezi mmoja uliopita." Mwezi upi? Mwezi wangu ulikuwa na wiki ambazo bado tunataniana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na wiki ambazo tunapeana zamu bila kutazamana. Niliweka 2 karibu kila mahali. Kwangu 2 ilimaanisha "sijui niugawe vipi huu mwezi". Kwa hesabu ya mzee nadhani nilipata 20 au pale pale.

Lile swali la kukasirishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wako nililicheka kwa sauti. Mwezi ule ni nini kilikuwa ndani ya uwezo wa mtu? Mipaka imefungwa, shule zimefungwa, glavu zinahesabiwa. Sasa nikijibu "mara nyingi sana", nimekwambia habari zangu au nimekusomea taarifa ya habari? Sijui nyie wataalamu mnalitenganisha vipi hilo. Mimi sikuweza.

Ndugu DaftariBluu, kwako nina maswali mawili. Ulipompigia huyo mama, nani alikuwa pembeni yake? Wagonjwa wangu hawajibu sawasawa simu ikiwa kwenye spika. Mwanamke ambaye watoto wake wanamsikiliza hatasema amelemewa, hasa wiki tano tu baada ya baba yao kuondoka.

Na ulipomaliza maswali kumi, ulimwachia nini? Namba ya kupiga, jina la mtu wa kuongea naye? PSS haiulizi habari za kutaka kufa, tofauti na swali la tisa la PHQ-9, lile dodoso la sonona, na watafiti wengi huona hiyo ni nafuu kwao. Lakini mtu hahitaji kuulizwa ndipo awe nalo. Sikulaumu. Ile fomu yangu ya saa tisa usiku ilimalizika kwa "asante kwa muda wako" na picha ya ua.

---

MzeeTakwimu

Nesi, swali lako la taarifa ya habari ni gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na jibu la uaminifu ni kwamba dodoso peke yake haliwezi kulitenganisha. Ndiyo maana kulikuwa na haja ya kipimo cha watu walewale kabla ya janga, na karibu wote hatukuwa nacho. Hata ule uchunguzi mkubwa wa COVIDiSTRESS, uliotumia PSS-10 mtandaoni kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei 2020 na kupata majibu ya watu zaidi ya 170,000, ulikuwa wa waliofikiwa na kiungo na wakataka kujibu. Wingi hauponyi hilo. Ukiwa na ndoo au pipa, kama umechota ukingoni, maji ni ya ukingoni.

Wengine walitunga vipimo vya korona yenyewe, kama ule wa Taylor na wenzake wa mwaka 2020 wenye vipengele 36, unaouliza hofu ya kuambukizwa, hofu ya pesa, ndoto mbaya, kukagua habari kila mara. Hapo angalau unajua kinachoulizwa ni janga. Lakini ukishapima kwa korona pekee, unakosa yule ambaye korona ilimkuta tayari amelemewa na mengine.

Na kuna jambo nililiacha. Watafiti wengi wakiyachambua maswali kumi ya PSS huona yanajigawa makundi mawili, mabaya upande wake na mazuri upande wake. Kijana namba 112 ni mfano: mabaya 21 kati ya 24, na bado "mara nyingi" alijiamini. Usimfanye 27 tu. Andika na hizo sehemu mbili kila moja peke yake, zitakuambia zaidi.

---

DaftariBluu

Nesi, sikumwachia kitu. Nilikuwa na karatasi yenye namba ya ushauri nasaha, iliandikwa kwenye kibali cha maadili kwamba nitaisoma mwisho wa kila simu. Mwanzoni nilikuwa nasoma. Baada ya simu kama thelathini nikawa naiharakisha, na kuna siku niliiruka. Yeye ni wa 47. Siwezi kukuapia.

LughaKwanza, uko sahihi kuhusu "msongo wa mawazo" pia. Sijui ulionaje kupitia huko uliko. Swali la 2 naona nitalitolea taarifa kwamba lina kasoro na kuonyesha matokeo likiwemo na likiwa limetolewa.

Kuhusu namba 47, usiku huu nimerudi kwenye daftari lenyewe badala ya Excel. Nilikuwa na tabia ya kuandika pembeni kwa penseli, na sikuingiza yale ya penseli kwa sababu hayakuwa namba. Ukurasa wake una mistari mitatu. Swali la 1 hadi la 3, "anajibu kabla sijamaliza". Swali la 4, "kimya kirefu, mtoto anaongea nyuma". Kisha chini yake: "Amesema, andika unavyoona wewe mwanangu."

Na mimi nikaona sifuri. Kuanzia swali la 4 mpaka la 10, zile sifuri saba ni zangu. Mwandiko unaonyesha, zimeandikwa kwa mkupuo mmoja. Sikumbuki nikifanya hivyo, lakini ni mkono wangu.

Mzee, nimfanyeje? Nimfute?

---

MzeeTakwimu

Usimfute. Majibu matatu ya kwanza ni yake, yaache. Saba hizo zitoe, seli zibaki tupu. Mhesabu kati ya walioanza na hawakumaliza, sema ni wangapi, na kwenye jumla ya PSS asiingie, maana kwa maswali matatu huwezi kumkisia mtu mengine saba. Kisha pitia daftari zima ukurasa kwa ukurasa utafute penseli nyingine kama hiyo na mistari mingine iliyonyooka, kamwe kumi, wakati mwingine kumi. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu. Hilo la karatasi ya ushauri nasaha ni la wewe na msimamizi wako, mpelekee mwenyewe kabla hajalikuta.

Angalizo moja la ufundi. Kuna watu huweka 99 mahali pa jibu lililokosekana. Ukifanya hivyo, iambie programu kwanza kwamba 99 si jibu. Usipoiambia, itageuza yale manne iwe hasi 95 kila moja, itajumlisha na 99 tatu zilizobaki, na huyo mama atatoka na msongo wa hasi 83.